Mpira usio wake: kisa cha Yoon Ina na msimu wa KLPGA wa 2024

Alhamisi ya tarehe 16 Juni 2022, kwenye uwanja wa Rainbow Hills huko Eumseong, mkoa wa Chungcheong Kaskazini, binti wa miaka 19 alipiga mkwaju wake wa kwanza wa shimo la 15. Mpira ukapinda kulia na kuzama kwenye majani marefu. Ukatafutwa, ukapatikana mpira, akaupiga kuelekea griini, eneo la majani mafupi lenye shimo lenyewe. Alipofika griini ndipo alipogundua kwamba mpira ule haukuwa wake.

Hapo alikuwa bado na nafasi. Kutoka griini ya shimo moja hadi mahali pa kuanzia shimo linalofuata kwa kawaida ni mwendo wa dakika moja au mbili, na kanuni za gofu zinampa mchezaji mwendo huohuo wote wa kurekebisha kosa la namna hii. Alimaliza shimo la 15 kwa mpira usio wake, akaenda la 16, akapiga. Mkwaju ule wa shimo la 16 ndio uliomgharimu. Ule wa majanini ulikuwa bahati mbaya tu.

Binti huyo ni Yoon Ina. Miaka miwili baadaye, mwaka 2024, aliumaliza msimu wa KLPGA, yaani mzunguko wa mashindano ya wanawake wa kulipwa wa Korea Kusini, akiwa wa kwanza kwa fedha, wa kwanza kwa pointi za Tuzo Kuu, yaani ya mchezaji bora wa msimu, na wa kwanza kwa wastani wa mikwaju. Wapo wanaousimulia msimu huo kama hadithi ya msamaha, na wapo wanaoutaja kama ushahidi kwamba kipaji hufuta kila kitu. Naona pande zote mbili zimekimbilia mwisho. Kisa hiki kinahitaji kusomwa polepole, kanuni kwa kanuni na tarehe kwa tarehe, kwa kuwa kila kilichotokea baadaye kinatokana na urefu wa muda uliopita kati ya kosa na kauli.

Kanuni inavyosema

Kanuni namba 6.3 ya gofu inahusu mpira unaochezwa. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, ukipiga mpira usio wako unaadhibiwa mikwaju miwili. Mikwaju yote uliyoupigia mpira huo haihesabiwi. Unarudi kwenye mpira wako na kuendelea. Ukishindwa kurekebisha kabla ya kupiga mkwaju wa kwanza wa shimo linalofuata, unaondolewa mashindanoni. Kwenye shimo la mwisho, kikomo ni kuikabidhi kadi ya alama. Kanuni ni ileile iwe unacheza Eumseong au kwenye viwanja vya Afrika Mashariki kama Lugalo, Muthaiga au Vipingo.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu huwezi kuelewa uzito uliomwelemea binti yule pale griini. Chukua shimo lolote la kawaida la mikwaju minne, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne. Mkwaju wako wa kwanza umepotea majanini. Una dakika tatu tu za kutafuta, na ukishaupiga mpira mwingine ukatembea hadi griini, dakika hizo zimekwisha. Mpira wako unahesabiwa umepotea. Kwa hiyo: mkwaju wa kwanza ni mmoja. Adhabu ya kupiga mpira usio wako ni miwili, tumefika mitatu. Adhabu ya mpira uliopotea ni mmoja, tumefika minne. Sasa unarudi nyuma, mbele ya watazamaji, ukiwapita wachezaji wa kundi linalofuata wanaokusubiri, mpaka ulikoanzia, unapiga mkwaju wa tano. Ukifika griini kwa wa sita na kuuzamisha mpira kwa miwili, umeandika nane kwenye shimo la minne.

Nane kwenye raundi ya kwanza ya mashindano makubwa ya taifa inauma. Inaweza kukutupa nje kwenye mchujo wa siku ya pili, unaobakiza wenye alama bora tu. Lakini kesho yake ukurasa unageuka, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka.

Kuna jambo moja la kiutendaji ambalo mchezaji yeyote anapaswa kulishika: kanuni hiyohiyo inamtaka mchezaji auwekee mpira wake alama ya kuutambua. Ndiyo sababu wachezaji hubeba kalamu ya wino mzito mfukoni. Mipira ya wachezaji wa kulipwa mara nyingi ni ya kampuni moja na aina moja, na kwenye majani marefu unaona kipande tu cha weupe. Unauchungulia na kuitafuta alama yako. Ukiikosa, huo si wako hata kama umelala hatua mbili kutoka ulipotarajia.

Siku 29

Mashindano yale yalikuwa Korea Women's Open, ubingwa wa wazi wa taifa kwa wanawake. Yoon hakuvuka mchujo. Im Hee-jeong alishinda kwa mikwaju 19 chini ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa, na msimu ukaendelea.

Yoon naye aliendelea. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kwenye mzunguko mkuu na alikuwa kivutio: alipiga mbali kuliko wote, wastani wa mkwaju wake wa kufungulia ukizidi yadi 260. Watazamaji walimfuata uwanja mzima kusikia tu sauti ya mpira ukiondoka. Tarehe 14 hadi 17 Julai alicheza mashindano ya Ever Collagen Queens Crown, akaongoza tangu siku ya kwanza, na Jumapili akapata ushindi wake wa kwanza akimpita Park Ji-young kwa mkwaju mmoja.

Katikati ya mashindano hayo, Ijumaa ya tarehe 15 Julai, taarifa yake kuhusu shimo la 15 ilifika Chama cha Gofu cha Korea, KGA. Ziangalie tarehe hizo mbili pamoja. Ijumaa amekiri kwa wakubwa wa mchezo, Jumapili ameinua kombe, na watazamaji wanaompigia makofi hawajui lolote. Tarehe 25 Julai aliomba radhi hadharani na kusimamisha kucheza.

Kutoka 16 Juni hadi 15 Julai ni siku 29. Kwangu, hapo ndipo kisa chote kilipo.

Ili kuona tofauti, linganisha na mkasa wa Lexi Thompson mwaka 2017 kwenye ANA Inspiration, California. Mmarekani huyo aliurudisha mpira wake griini mahali tofauti kidogo na alipokuwa ameuwekea alama. Hakujua. Mtazamaji wa televisheni aliona, akaandika barua pepe, na kesho yake Thompson akiwa anaongoza aliambiwa katikati ya raundi kwamba ameongezewa mikwaju minne: miwili ya mpira, miwili ya kadi iliyoandikwa vibaya. Alishindwa na Ryu So-yeon wa Korea kwenye shimo la nyongeza, linaloamua mshindi wachezaji wanapolingana. Dunia ya gofu ilimhurumia Thompson, na baadaye kanuni zikabadilishwa: taarifa za watazamaji wa televisheni zikaachwa kupokelewa, na ile adhabu ya ziada ya kadi ikaondolewa kwa mchezaji asiyejua kwamba alikuwa amefanya kosa.

Kigezo kilichotumika ni kujua, na gofu nzima imejengwa juu yake. Mwamuzi hasimami kando ya kila mchezaji. Kwenye uwanja wa mashimo 18 wachezaji wametapakaa kilomita kadhaa. Kadi yako anaiandika mchezaji mwenzako wa kundi, na mwisho anatia saini kwamba namba zile ni za kweli. Aliyetia saini kadi ya Yoon siku ile alithibitisha kwa nia njema namba isiyokuwa ya kweli. Huyo ndiye ninayemfikiria kila ninapomsikia mtu akisema hakuna aliyeumizwa. Ni kweli Yoon hakuvuka mchujo, hakuchukua fedha ya mtu pale Eumseong. Lakini kadi ya gofu ni neno la watu wawili, na mmoja alinyimwa haki ya kujua anachokisaini.

Na kanuni inajua kwamba ukweli unaweza kuchelewa. Kwa kawaida mashindano yakishafungwa matokeo hayaguswi, ila kwa makosa machache, na mojawapo ni hili: mchezaji aliyejua kabla ya mashindano kufungwa kwamba amefanya kosa la kumwondoa, akanyamaza. Kwa huyo mlango haufungwi kamwe.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Nimelikumbuka neno hili mara nyingi nikikisoma kisa hiki, kwa sababu mchezaji wa miaka 19 hafichi peke yake. Ana kedi anayembebea magongo, ana kocha, ana wazazi, ana wakala. Sitamnyooshea kidole yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa karibu naye siku ile alikuwa na wajibu wa kusema sentensi moja tu, "mwite mwamuzi," na wajibu huo ulikuwa mkubwa kuliko wa binti mwenyewe, aliyekuwa amechanganyikiwa.

Vyombo viwili, adhabu mbili

Tarehe 19 Agosti 2022 KGA ilimfungia miaka mitatu kwenye mashindano inayoyasimamia. Tarehe 20 Septemba KLPGA nayo ikamfungia miaka mitatu. Wasomaji wengi hupotea hapa, wakidhani aliadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. KGA ni chama cha gofu cha taifa, ndicho mwenye Korea Women's Open. KLPGA ni chama cha wanawake wa kulipwa, mwenye mzunguko wa kila wiki unaompa mchezaji riziki. Kosa lilifanyika kwenye nyumba ya kwanza na mtu aliyelifanya ni mwanachama wa nyumba ya pili. Kila mmoja alihukumu ndani ya kuta zake.

Kwa mchezaji, adhabu ya KLPGA ndiyo iliyokata mshipa. Gofu ya wanawake ya Korea huchanua mapema sana. Shin Jiyai alishinda mara tisa ndani ya msimu mmoja, 2007, akiwa na miaka 19. Park Sung-hyun alipata saba mwaka 2016, mwaka aliotimiza miaka 23, kisha akaondoka kwenda Marekani. Kumfungia mtu kutoka 19 hadi 22 ni kumwondolea sehemu ya maisha ya mchezo ambayo kwa wenzake wengi ndiyo yote.

Lakini usiipime adhabu hiyo kwa mizani ya michezo peke yake. Korea ina neno *jasuk*: mtu wa hadharani aliyekosea hujiondoa machoni pa watu, akae kimya, ajitafakari, mpaka jamii ihisi muda umetosha. Waigizaji hufanya hivyo, waimbaji na wanasiasa pia. Hakuna sheria inayotaja muda wake. Kwa hiyo miaka mitatu ilikuwa na kazi mbili, ya kinidhamu na ya kijamii, na sidhani kama vyombo vile vilikuwa na namna nyepesi ya kuzitenganisha.

Maoni yangu ni kwamba mwaka mmoja na nusu ungekuwa adhabu sahihi tangu siku ya kwanza. Kumwondoa tu kwenye mashindano yale kusingetosha, maana kungewaambia wote kwamba kunyamaza kwa mwezi mzima hakuna bei. Miaka mitatu, kwa upande mwingine, ilimweka karibu sawa na mtu asiyekiri kabisa. Na hapo ndipo panaponisumbua: chombo kinachoadhibu sana anayejileta mwenyewe, hata kama amechelewa, kinamfundisha yule mwingine aliyenyamaza aendelee kunyamaza.

Mwezi Septemba 2023 KGA ilikata adhabu hadi mwaka mmoja na nusu. Barua za kumwombea zilizidi elfu tano. Yoon alikuwa amefanya takriban saa 50 za kazi za kujitolea, na fedha alizoshinda kwenye mashindano madogo ya Marekani alizitoa zote kama msaada. Januari 2024 KLPGA ikafuata. Mdhamini wake mkuu, kampuni ya vinywaji ya Hite Jinro, alibaki naye kipindi chote, na mashabiki wake walibaki.

Wachezaji wenzake hawakuwa na kauli moja. Baadhi waliona haki imelegezwa kwa sababu mhusika ni kipenzi cha watu na anajaza viwanja. Siwalaumu hata kidogo. Mchezaji wa nafasi ya 60 kwenye orodha ya fedha, anayejihesabia mikwaju kwa uaminifu na kuikosa kadi ya msimu unaofuata, yaani kibali cha kucheza kwenye mzunguko, kwa tofauti ndogo, ana haki kamili ya kuuliza kama naye angeandikiwa barua elfu tano.

Aprili hadi Novemba

Msimu wa 2024 wa KLPGA ulianza Machi nje ya nchi, Singapore kisha Phuket. Kim Jae-hee alishinda Singapore, Lee Ye-won akashinda Thailand. Yoon hakuwepo; kifungo chake kilikuwa kinaisha siku chache baadaye. Mashindano ya kwanza ya ardhi ya nyumbani yalikuwa Doosan E&C We've Championship, kwenye uwanja wa Teddy Valley huko Seogwipo, kisiwani Jeju. Tarehe 4 Aprili, kabla ya kupiga mkwaju wake wa kwanza, aliinama kwa kina mbele ya watazamaji. Alimaliza nafasi ya 34 pamoja na wengine. Hwang You-min akachukua kombe.

Nafasi ya 34 baada ya kukaa nje muda ule wote si kitu kidogo, lakini haikuahidi yaliyokuja.

Kilichofuata hakikuwa mlolongo wa ushindi, na napenda msomaji alishike hili. Tarehe 23 Juni, Pocheon Hills, alifika mashimo ya nyongeza pamoja na Park Ji-young, yuleyule ambaye Yoon alimshinda kwa mkwaju mmoja mwaka 2022, na Park Hyun-kyung. Walirudia mara nne kabla Park Hyun-kyung hajashinda. Wiki mbili baadaye, kwenye Lotte Open huko Incheon, akafika tena nyongeza, safari hii na Choi Ye-lim na Lee Ga-young. Lee Ga-young akashinda.

Mchezaji anayeshindwa nyongeza mara mbili ndani ya wiki mbili ana njia mbili za kawaida: kulazimisha, au kurudi nyuma na kuogopa nafasi hiyo. Yoon hakupita yoyote kati ya hizo. Tarehe 4 Agosti, Jeju tena, kwenye Jeju Samdasoo Masters katika uwanja wa Blackstone, alishinda kwa mikwaju 14 chini ya kiwango cha uwanja. Ulikuwa ushindi wake wa pili kwenye mzunguko, zaidi ya miaka miwili baada ya ule wa kwanza. Kisiwa alichorudia kwa kuinama kikawa kisiwa alichoinulia kombe ndani ya miezi minne.

Hakushinda tena msimu ule.

Sasa ziangalie namba, maana hapa ndipo msimu wa 2024 unapovutia kuliko misimu mingi. Wachezaji watano waligawana taji la ushindi mwingi: Park Hyun-kyung, Park Ji-young, Lee Ye-won, Bae So-hyun na Ma Da-som, kila mmoja mara tatu. Yoon alishinda mara moja. Hata hivyo alimaliza wa kwanza kwa fedha, takriban won bilioni 1.21, zaidi ya dola 800,000 za Marekani kwa thamani ya wakati ule. Akamaliza wa kwanza kwa pointi za Tuzo Kuu, ile wanayoiita *Daesang*. Na wastani wake wa mikwaju, 70.05 kwa raundi, ulikuwa bora kuliko wa yeyote.

Inawezekanaje? Jibu liko katikati ya orodha za matokeo, sehemu ambayo watu huiruka. Alicheza mashindano 25 na akamaliza ndani ya kumi bora mara 14. Alikuwa wa pili mara nne. Pointi za Tuzo Kuu hupewa walio ndani ya kumi bora peke yao, kwa hiyo anayerudi pale zaidi ya nusu ya msimu anajaza kapu polepole huku washindi wa mara tatu wakipanda na kushuka. Fedha nayo hufuata mkondo huohuo: nafasi ya pili, ya tatu, ya tano, wiki baada ya wiki, zinazidi kombe moja la ghafla linalofuatwa na michujo miwili uliyoikosa.

Ukitaka kipimo cha misimu iliyotangulia, Park Min-ji mwaka 2021 alishinda mara sita na kukusanya won bilioni 1.52, kiasi ambacho mzunguko ule haukuwahi kukiona, kisha akashinda mara sita tena mwaka 2022. Mzunguko wa namna hiyo una malkia mmoja. Ule wa 2024 haukuwa naye. Ulikuwa na watano wanaolingana, na juu yao mmoja aliyewapita kwa uthabiti. Park Min-ji mwenyewe, mwezi Juni mwaka huohuo wa 2024, aliweka rekodi ya kushinda mashindano yaleyale, Celltrion Queens Masters, kwa mwaka wa nne mfululizo. Jambo kubwa hilo, na kwa sababu ya kelele za kurudi kwa Yoon halikupata nafasi liliyostahili. Nalitaja hapa kwa makusudi.

Jambo lingine la kiufundi. Yoon wa 2022 alikuwa nguvu, mpira unaruka, na ukipotea unapotea kweli; ndivyo ulivyopotea Eumseong. Mpiga mbali huishi na majani marefu kuliko mwenzake wa yadi 230, kwa kuwa kosa dogo la uso wa gongo huongezeka kadiri mpira unavyoenda mbali. Mwaka 2024 bado alikuwa miongoni mwa wapiga mbali wakubwa, sambamba na Bang Shin-sil. Lakini wastani wa 70.05 haupatikani kwa mkwaju wa kufungulia peke yake. Huo ni wastani wa mtu anayejua lini aache kushambulia bendera, anayeokoa mashimo yaliyoharibika na kutoka nayo kwa hasara ya mkwaju mmoja tu. Ninaona hapo mazao ya kipindi cha mashindano madogo ya Marekani, ambako hapakuwa na kamera wala umati.

Kinachokosekana kwenye maandishi

Nikiwa nimekisoma kisa hiki kutoka mwanzo, pengo kubwa naliona kwenye upande wa vyombo. Adhabu za Yoon ziliamuliwa na kamati, zikapunguzwa na kamati, na hoja zilizotolewa katika kupunguza zilijaa mambo ya nje ya uwanja: barua za kumwombea, kujitolea, maoni ya watu. Yote hayo yana thamani. Lakini mchezaji wa kesho atakayejikuta griini na mpira usio wake anahitaji kujua mapema, kwa maandishi, tofauti kati ya kusema leo jioni kabla ya kuikabidhi kadi, kusema Jumapili kabla ya mashindano kufungwa, kusema baada ya wiki mbili, na kutosema mpaka mtu mwingine aseme. Ngazi hiyo ikiwekwa wazi, binti wa miaka 19 aliyelala macho wazi usiku wa Alhamisi ana sababu ya kupiga simu Ijumaa asubuhi. Bila ngazi, kila siku inayopita inaifanya simu hiyo iwe ngumu zaidi, na mchezaji mwenye jina kubwa atakuwa na matumaini ya huruma ambayo mwenzake asiyejulikana hana.

Nadhani pia KLPGA ingeweza kuwapa wachezaji wake sauti iliyo rasmi zaidi kabla ya kupunguza. Waliosaini kadi zake ni wao, na waliorudi kucheza naye kundi moja, wakiandikiana alama, ni haohao. Nafikiria mahali pa kuanzia, Aprili 2024, wanawake wawili wanapeana kadi kabla ya kuanza. Mmoja ndiye aliyeombewa na maelfu. Mwingine hakuulizwa.

Kuondoka

Novemba 2024 Yoon alipokea tuzo zake tatu. Mwezi uliofuata alikuwa Mobile, Alabama, kwenye hatua ya mwisho ya mchujo wa LPGA, mzunguko wa Marekani. Cheo chake kwenye orodha ya ubora wa dunia kilimruhusu kuingia hatua hiyo moja kwa moja. Mjapani Yamashita Miyu alishinda. Yoon akamaliza wa nane, akapata kadi ya 2025.

Nyumbani si wote walioshangilia. Wapo waliosema mtu aliyepunguziwa adhabu na mzunguko alipaswa kuutumikia mzunguko huo zaidi ya msimu mmoja. Wengine walijibu kwamba njia ya Korea kwenda Marekani ni ya zamani, tangu Ku Ok-hee aliposhinda huko mwaka 1988 na Pak Se-ri alipoitikisa nchi nzima kwa ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1998, na hakuna aliyewahi kuambiwa asubiri. Mimi niko na hawa wa pili. Adhabu aliitumikia kwa muda uliowekwa na waliokuwa na mamlaka ya kuuweka. Deni lililobaki halikuwa kwa KLPGA.

Lilikuwa kwa wale waliotembea naye mashimo 18 siku ile ya Juni, na kwa yule aliyeshika kalamu, akamuuliza kama ilivyo desturi shimo la 15 amepata ngapi, kisha akaiandika namba aliyoambiwa.